Rehani inafika nyeusi, giligilani inanuka: je, kosa ni la mfuko?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nalima giligilani, mnanaa na rozimari hapa Lushoto. Rehani naipanda kwenye kishamba cha familia kule Mombo, maana huku juu baridi inaidumaza. Mara mbili kwa wiki napeleka mzigo kwenye hoteli mbili za Dar es Salaam, kama kilo 20 kila safari. Navuna asubuhi, naosha, nafunga saa nane mchana. Basi linapita Mombo saa nne usiku, mzigo unapokelewa Mbezi alfajiri. Zamani nilitumia mifuko ya kaki, majani yakawa yanafika yamenyauka. Nikahamia mifuko ya nailoni, nikaifunga kabisa isipitishe hewa, na ndani ya boksi nikaweka chupa mbili za lita moja na nusu zenye maji yaliyoganda. Sasa rehani inafika na madoa meusi, giligilani ya katikati ina utelezi na harufu mbaya, mnanaa siku nyingine mzuri siku nyingine hovyo. Rozimari tu ndiyo haijawahi kunisumbua. Muuzaji wa vifungashio anasema dawa ni vile visanduku vya plastiki ngumu vinavyoonesha ndani, vyenye mfuniko. Bei yake inatisha. Ninunue?

JIBU: Marahaba, dada. Usinunue bado.

Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, kwa sababu hukusema tu kwamba "mzigo unaharibika". Umetaja mazao manne yaliyosafiri kwenye boksi moja na mfuko wa aina moja, na kila moja likafika na hali yake. Kama mfuko peke yake ungekuwa na kosa, yote yangeugua ugonjwa mmoja. Kwa hiyo tuyaangalie moja moja, na nitaanza na rehani, kwa sababu ugonjwa wa rehani hauhusiani na mfuko hata kidogo.

Rehani ni mmea wa joto. Wewe mwenyewe umeliona hilo shambani, ndiyo maana umeishusha Mombo. Sasa jani lililochumwa halijasahau kwao. Likikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi, ngozi laini za seli zake huharibika, maji ya ndani huvuja na kuchanganyika, na jani hugeuka kahawia kisha jeusi, kama ganda la ndizi iliyolazwa kwenye friji. Joto linaloifaa ni kati ya nyuzi 12 na 15. Hapo, ikiwa imeshikwa kwa adabu, inaweza kukaa siku kumi na zaidi. Kwenye nyuzi 5, ambalo ndilo joto la friji nyingi za jikoni, madoa huanza kujitokeza ndani ya siku chache tu. Na wewe umeiweka ubavuni mwa chupa iliyotoka friza! Chupa hiyo inapoingia kwenye boksi inaweza kuwa chini ya sifuri kwa nyuzi 15 na zaidi. Jani linaloigusa haliungui kwa baridi tu, linaganda. Safari ijayo mwombe anayepokea mzigo Mbezi akutazamie mifuko ipi ina weusi mwingi. Nadhani atakuta ni ile iliyokuwa jirani na chupa.

Kuna weusi wa aina nyingine, wa michubuko. Huo hufuata mikunjo ya jani, alama za vidole na mahali kamba ilipobana. Weusi wa baridi hutapakaa bila kufuata mstari, mithili ya matone ya wino. Ukiona wa kwanza, rekebisha mikono ya wafungaji. Ukiona wa pili, ondoa barafu.

Rehani basi ipewe boksi lake, bila chupa, na lisikae juu ya boksi lenye chupa. Tena ibadilishie saa ya kuvuna. Sote tumefundishwa kwamba majani huvunwa alfajiri, na kwa mengi ni kweli. Lakini majaribio yaliyofanywa Marekani miaka ya 1990 yalionesha kuwa rehani iliyokatwa jioni hudumu muda mrefu zaidi kuliko iliyokatwa kabla ya mapambazuko, na tofauti haikuwa ndogo. Jani lililoshinda juani limejiwekea akiba ya sukari, na akiba hiyo ndiyo linayoitumia baada ya kukatwa. Kwako hii ni bahati, kwa sababu shamba liko Mombo na basi linapita Mombo usiku. Kata saa kumi na moja jioni, tandaza kivulini penye upepo mpaka joto la mchana liitoke, funga saa mbili usiku. Hakuna haja ya kuipandisha Lushoto kisha kuishusha tena.

Na kama kuna zao moja kati ya yako linalostahili kisanduku kigumu, ni hilo, kwa sababu jani lake ni laini na linachubuka hata kwa uzito wa jani mwenzake. Ila piga hesabu kabla ya kumsikiliza muuzaji. Kisanduku cha kawaida cha dukani hubeba gramu 30 hivi. Kilo 5 za rehani zinadai visanduku zaidi ya 160, kila safari, na mpishi atavifungua vyote asubuhi ile ile na kuvitupa. Visanduku ni vya supamaketi, ambako mteja ananunua kwa macho. Hoteli inanunua kwa kilo. Kwa hoteli, tandika boksi la kadibodi kwa nailoni yenye matundu, simamisha mafungu wima, vikonyo chini, safu moja tu, usishindilie. Kuna wakulima wanaotumia ndoo yenye maji ya kina cha vidole viwili, rehani imesimama ndani kama maua sokoni, imefunikwa mfuko kwa juu bila kubanwa. Inafanya kazi vizuri sana kama unayo namna ya kuizuia ndoo isipinduke kwenye kona. Kwenye buti la basi, mimi nisingethubutu.

Sasa giligilani. Hapa ndipo mfuko una kesi ya kujibu, japo si peke yake.

Fungu la giligilani ulilolifunga linaishi bado. Linavuta oksijeni, linatoa hewa ukaa, linatoa mvuke na linatoa joto. Kifungashio kinatakiwa kufanya kazi mbili zinazogombana: kizuie maji yasitoke, na wakati huo huo kiruhusu pumzi ipite. Kaki yako ya zamani iliruhusu pumzi, ila ilinywa maji. Majani ya aina hii yakipoteza hata asilimia 4 au 5 tu ya uzito wake kwa maji, yanaanza kulegea mbele ya macho. Nailoni uliyoifunga kabisa imeshika maji barabara, lakini imelifungia jani pumzi. Kadiri joto linavyopanda ndivyo linavyohema: kila nyuzi 10 zikiongezeka, upumuaji huwa mara mbili hadi tatu. Oksijeni ikiisha, jani huanza kuchacha, na hapo ndipo inapotoka ile harufu ya kama pombe iliyolala. Ukiongeza na majimaji, bakteria wa kuozesha wanapata kila walichokuwa wanakiomba. Fungu la katikati huanza kwanza kwa sababu joto lake halina pa kutokea.

Maji hayo yanatoka wapi? Sehemu moja ni ya kuosha. Umeosha asubuhi, umefunga saa nane, na katikati ya fungu la giligilani maji hayakauki kirahisi hivyo. Sehemu ya pili watu hawaioni. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba kama gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ukiipoza mpaka nyuzi 10, uwezo wake unashuka hadi gramu 9 hivi. Theluthi mbili ya mvuke ule inakosa pa kukaa, inageuka matone kwenye ukuta wa mfuko na kuyadondokea majani. Na jani lenyewe likiwa bado na joto huendelea kuvukiza kuelekea ukuta ule baridi, saa baada ya saa. Wewe umefunga saa nane mchana, saa ya joto kuliko zote, kisha ukatia barafu. Umetengeneza mvua ndani ya mfuko.

Dawa yake ni kupanga upya mfuatano wa kazi: jani lipoe, likauke, ndipo lifungwe. Tena unaishi Lushoto, mahali ambapo hewa ya jioni ni friji isiyolipiwa umeme. Kama majani hayana udongo, usiyaoshe kabisa. Vuna kwa usafi, kata juu kidogo ya ardhi, na mwachie mpishi kazi ya kuosha, kwani ataosha tu. Kama ni lazima kuosha, basi uoshe asubuhi kwa maji safi, ukung'ute, utandaze juu ya chekeche za waya mahali penye kivuli na upepo. Kitambaa kibichi cha kupoza hewa kining'inie pembeni, kisigusane na majani. Funga jioni, kwa kuchelewa kadiri gari la kushuka Mombo linavyokuruhusu. Kati ya saa nane na saa kumi na mbili jioni, milimani kwenu, kuna tofauti kubwa kuliko tofauti ya mfuko wowote na mfuko wowote.

Nisiseme kama mtu ambaye hajakosea. Miaka kadhaa iliyopita nilikishauri kikundi cha wakulima kununua mifuko iliyotobolewa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ya bei ya juu, iliyoagizwa kutoka nje. Mifuko ilikuwa mizuri. Wakafunga saa sita mchana, mnanaa una joto la juani, na mzigo ukaoza kwa heshima zote ndani ya mfuko wa kisasa. Sikuwa nimeuliza wanafunga saa ngapi. Tangu siku hiyo hilo ndilo swali langu la kwanza.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie nailoni. Sokoni utauziwa aina mbili zinazofanana kwa mbali. Ipo iliyo laini, inayonyumbuka na kuvutika ukiivuta: hiyo ni polithini. Ipo inayong'aa kama kioo, inayolia kwaru kwaru ukiikunja na kupasuka mstari ikipata mwanya: hiyo ni polipropilini, ile wanayofungia maua na mikate. Zote mbili zinashika maji vizuri. Polithini inapitisha oksijeni kirahisi zaidi na inavumilia kubanwa, kwa hiyo kwa mizigo ya hoteli chukua hiyo. Inayong'aa ina uzuri wa dukani, ukiwa utauza mafungu madogo.

Hakuna kati ya hizo inayopitisha pumzi ya kutosha kwa giligilani iliyo kwenye joto la basi. Zinahitaji matundu, na huhitaji mashine ya maelfu ya dola. Ile ya ofisini ya kutoboa karatasi kwa ajili ya faili inatoa tundu la milimita 6. Kwa mfuko wa nusu kilo anza na matundu 8, yawe ubavuni, yasiwe chini ambako majimaji hujikusanya na kulowesha kadibodi. Mnanaa nao uanze hivyo hivyo. Mdomo wa mfuko ukunje mara mbili, usiufunge kwa fundo la kunyonga.

Idadi hiyo ni ya kuanzia. Idadi yako sahihi utaipata kwa mizani ya jikoni. Chukua mafungu matatu ya giligilani yenye gramu 200 kila moja, yafunge kwenye mifuko mitatu: matundu 4, 8 na 16. Yaache jikoni saa 24, mahali penye joto linalokaribia la safari. Kisha pima na unuse. Fungu lililobaki na gramu 190 limepoteza asilimia 5, matundu yake yamezidi. Lililobaki na gramu 198 lakini mfuko umelowa ndani na harufu imebadilika, matundu hayajatosha. Unatafuta lile lenye ukungu mwembamba ukutani, bila matone yanayotiririka. Rudia jaribio wakati wa masika na wakati wa kiangazi, maana jibu la Machi silo la Julai.

Kipande kimoja cha tishu ya jikoni isiyo na rangi, kikiwekwa kati ya majani na ukuta wa mfuko, kitakunywa matone ya mwanzo. Gazeti usitumie, wino wake si wa kuliwa.

Unaweza kuniuliza: mbona akina mama wa sokoni wananyunyizia maji mchicha na kotimiri siku nzima, na vinadumu? Kwa sababu lundo lao liko wazi. Maji yanapovukiza yanaondoka na joto, na yanaondoka kweli. Tenga lililotandikwa majani mabichi ya mgomba nalo linafanya kazi hiyo hiyo, na kwa safari fupi ya saa mbili tatu bado naliheshimu kuliko nailoni iliyofungwa. Chukua maji yale yale uyatie ndani ya mfuko, hayana pa kwenda.

Mifuko mbadala ile ya kitambaa cha plastiki inapitisha kila kitu, mvuke na pumzi pamoja, kwa hiyo ni kaki nyingine tu. Kuna inayouzwa kwa jina la "inayooza", iliyotengenezwa kwa wanga wa mahindi. Mingi inapitisha mvuke zaidi ya polithini, kwa hiyo ukungu unapungua na mnyauko unaongezeka, na mingine haiozi kwenye shimo la nyumbani, inahitaji joto la nyuzi karibu 60 la mitambo maalumu. Kama hoteli inaitaka kwa sababu zake, ilipe tofauti ya bei.

Kuhusu sheria: marufuku ya Tanzania Bara iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea, na vifungashio vya mazao viliwekwa kando kwa masharti. Kwa hiyo usinunue yenye mikono, usinunue ile myembamba isiyo na alama ya mtengenezaji, na risiti uitunze. Siku ukipata mteja Unguja, mwulize kwanza anapokea kifungashio gani, kwa sababu Zanzibar ilianza kukataza mifuko ya plastiki tangu 2006.

Sasa barafu, kwa boksi la giligilani na mnanaa peke yake. Hizi mbili zinapenda baridi kali, karibu na sifuri, mradi zisigande. Kwa hesabu ya karatasini, lita 3 za barafu zikiyeyuka zote zinaweza kushusha kilo 20 za majani kwa nyuzi kama 12. Ndani ya boksi la kadibodi lililo wazi pembeni utapata sehemu tu ya hiyo, zilizobaki zinapoza buti la basi. Kwa hiyo barafu haina nguvu ya kupoza mzigo uliofungwa moto. Ina nguvu ya kuulinda mzigo uliokwisha kupoa. Zifunge chupa kwa karatasi nene au kitambaa, ziweke juu, kwa kuwa hewa baridi hushuka, na utenganishe kwa kipande cha kadibodi chenye matundu. Ukipata boksi la povu la samaki lililooshwa sana sana, ni bora, ila harufu ya samaki kwenye mnanaa haina msamaha.

Nimekuja kwenye mnanaa wako wa siku nzuri na siku mbaya. Hali ya kubadilika hivyo hunifanya nishuku jirani. Lushoto ni nchi ya plamu, mapeasi na maparachichi, na mabasi yanashusha matunda hayo kama yanavyoshusha mboga zako. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, haina rangi wala huisikii harufu yake kwa kiasi hicho, na mnanaa, giligilani na paseli zikiivuta zinageuka manjano na kuachia majani. Matundu uliyotoboa yanaingiza pumzi njema na pumzi mbaya bila kubagua. Siku boksi lako linapolala karibu na kreti ya mapeasi yaliyoiva, hakuna mfuko utakaokuokoa. Mwachie konda chochote, lakini boksi likae upande wa mizigo mikavu. Baada ya Mbezi, bodaboda asilianike juani huku akisubiri abiria wa pili.

Mwandikie mtunza stoo wa kila hoteli karatasi ubandike juu ya boksi: GILIGILANI NA MNANAA: FRIJI, MBALI NA MATUNDA. REHANI: NJE YA FRIJI, VIKONYO KWENYE MAJI. Bila karatasi hiyo utafikisha rehani ya kijani, ataisukumia kwenye friji ya nyuzi 4 pamoja na vingine, na keshokutwa utapigiwa simu ya lawama. Rehani isije ikakuweka rehani kwa kosa la mtu mwingine.

Nunua mifuko 100 ya polithini, usinunue 5,000, mpaka umalize safari nne za majaribio. Visanduku vigumu chukua 20 tu, uwaoneshe wapishi na ncha za rehani na mnanaa za kupambia. Wakivipenda, wapange bei yake wenyewe.

Na ile kaki iliyobaki stoo usiitupe. Rozimari ina jani gumu, jembamba, linalobana maji yake, na usiku mmoja kwenye kaki hauidhuru. Ifungie humo, nailoni ibaki kwa wanaoihitaji.